Chama cha Kuzikana cha Tambarare

Nilikufa mara ya kwanza nikiwa nimepiga magoti, namnyoosha miguu kijana nisiyemjua.

Alikuwa amelala kifudifudi hatua thelathini kutoka Mlangoni, pale wageni wote wa Tambarare wanapozaliwa, amevaa gunia kama nililovaa mimi. Watu walikuwa wanamruka. Mmoja alimkanyaga mkono akapita zake. Nilikuwa na dakika tatu tu ndani ya mchezo ule. Sikuwa na silaha wala maji, na sikujua hata namna ya kugeuza kichwa bila kupata kizunguzungu. Lakini kwetu Korogwe maiti haachwi kifudifudi juani huku watu wanapita. Nikamgeuza. Nikamfumba macho. Nikachana kipande cha gunia langu nimfunike uso, na hapo nikasikia mtu anacheka nyuma yangu.

"Oneni huyu! Bi mkubwa kaja matangani!"

Kisha fyekeo likanipitia shingoni.

Ndivyo alivyojiita na mwenyewe: Fyekeo, kwa jina la silaha yake. Mchezaji mkongwe, kifua kipana cha kununua, na shanga mizunguko miwili shingoni.

Kufa kwenyewe hakuumi. Kinachouma ni ushanga. Kitu kinang'oka nyuma ya paji la uso kama jino lililolegea, kisha ushanga mmoja unadondoka vumbini kando ya maiti yako. Wangu ulikuwa na rangi ya samli. Fyekeo akauokota, akaumulika juani, akautia mfukoni. Mimi nikazaliwa upya Mlangoni ndani ya gunia jingine, nikijipapasa kichwa. Sikujua nimepungukiwa nini. Hilo ndilo jambo la kwanza nataka mlijue kuhusu Tambarare: anayeibiwa hajui ameibiwa nini.

*

Mwanangu Mboni alifanya kazi humo miezi minane. Nasema kazi, wao wanasema mchezo. Mashine za kuvuna zilipoingia shambani, banda letu la mkonge lilitiwa viti mia mbili, na kila kiti kikapewa mkanda wa kichwani, ule ambao watu wanauita kilemba. Vijana wetu wakaambiwa: vaeni, ingieni, mkimaliza siku nzima mtalipwa. Wanaowatazama wako mbali. Huko kuna watu waliokwisha kununua kila kitu, sasa wanataka kununua hata ile siku mama yako alipokufunika kanga mkikimbia mvua.

Maana ushanga ni kumbukumbu. Nimeusoma mkataba wote, kurasa sitini na nne za Kiingereza, kwa kamusi na miwani ya marehemu mume wangu. Wiki tatu. Kifungu cha thelathini na moja, ukikivua maneno yake ya kitajiri, kinasema hivi: kilemba hakinakili, kinang'oa. Kumbukumbu uliyoirudia mara nyingi zaidi imechimba mfereji mrefu kichwani mwako, na ndiyo kilemba kinayoiona kwanza. Kwa hiyo kinaanza na unachokipenda. Mkongwe aliyekuua anauvaa ushanga wako au anauuza, shauri yake. Na kwa nini wasinakili, ukabaki na chako? Kwa sababu nakala haina bei.

Mboni alikufa mara kumi na tisa. Siku ya mwisho alirudi nyumbani saa kumi jioni, akanikuta kibarazani nachambua mchicha.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa adabu kabisa, na kiatu chake hakijavuka kizingiti. "Mwenye nyumba yupo?"

Alijua njia ya kuja. Alimjua paka kwa jina lake. Alimkumbuka baba yake, hata kikohozi chake. Mimi tu ndiye niliyeng'olewa.

Nilikwenda ofisini kwao. Kijana mmoja anaitwa Gervas, amevaa soksi za njano, akanipa kiti na tabasamu.

"Mama, tulia. Ushanga wa mwisho wa binti haujapotea, uko ndani ya mchezo, unamilikiwa kihalali na mchezaji mwenzake."

"Mrudishie mwenyewe."

"Hatuingilii mchezo, mama. Hata wewe unaruhusiwa kuingia ukautafute." Akacheka kidogo, akamtazama mwenzake.

Hakujua anaongea na nani. Mimi nimekata mkonge miaka kumi na tisa. Msimamizi alipotaka majani thelathini na matano katika mzigo unaohesabiwa thelathini, mimi ndiye niliyepanda juu ya lundo nikasema leo hakuna anayekata. Tulifukuzwa arobaini na wawili. Majina yao nayajua, kwa mpangilio waliosimama siku ile, kuanzia Sekibaha hadi Mwanahawa Shemdoe. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini kusahau ndiko sikujifunza.

"Basi nipe kilemba," nikamwambia Gervas.

*

Nilikufa mara saba katika wiki mbili, zote kwa mkono wa Fyekeo, zote kwa nyuma. Wakongwe walinipa jina, Mama Msiba, kwa kuwa kila waliponikuta nilikuwa nimeinama juu ya maiti ya mtu. Walikuwa wananitegea. Wanamuua mgeni mmoja, wanamtupa njiani, wanasubiri niende kumfunika. Ujinga? Sawa, ni ujinga. Nilijaribu kupita bila kutazama. Nilishindwa.

Kabla ya kuingia nilikuwa nimeandika daftari zima la mambo yangu. Kila nilipotoka nalisoma, na kila mara ukurasa mmoja zaidi ulikuwa kama habari ya jirani. Ukurasa wa nne nasimuliwa nilivyoposwa, mwanamume mmoja kaja na baiskeli na mjomba wake. Naisoma, nacheka kidogo, nafunua ukurasa mwingine.

Lakini mara ya tatu nilipouawa nilipata kitu. Nilijipindua nikiwa naanguka, uso wangu ukagonga shingo yake, na ushanga ukigusa ngozi hufunguka kwa muda wa kupepesa jicho. Niliona magoti yaliyovaa kanga. Niliona vidole vinachukua mafuta ya nazi kwenye kifuniko. Kidole gumba cha kulia kilikosa nusu ya ukucha. Nikasikia: "Tulia, we mtoto." Mwiba wa mkonge ndio uliokula ukucha ule. Kidole ni changu. Sauti ni yangu. Mtoto ni Mboni.

Basi nikajua ulipo. Nilichojiuliza ni kwa nini hajauuza. Zangu zote saba aliziuza papo hapo.

Baada ya kifo cha saba nilikaa Mlangoni karibu na mtu aliyekuwa anatukana ukuta. Anaitwa Eliamini, fundi cherehani kutoka Same, ameuawa mara kumi na moja.

"Wameniondolea kushona, dada," akaniambia. "Unaelewa? Mkono unajua, kichwa hakijui. Jana nimemkatia mteja suruali ya miguu mitatu."

"Mitatu?"

"Amekataa kuichukua."

Nikacheka hadi machozi, na yeye akacheka, na ndipo nikamwambia nilichokisoma usiku uliopita katika kifungu cha mia na kumi na mbili. Tambarare ina majembe. Yamewekwa nyuma ya ghala, yamejaa vumbi, hakuna anayeyagusa. Yaliwekwa kwa ajili ya watazamaji wanaopenda pambo la huzuni. Mchezaji akichimba kaburi peke yake hadi likafika kina, kazi ya dakika kumi na nne kwa jembe, anaruhusiwa kumfukia maiti. Na maiti aliyefukiwa hafukuliwi na mtu mwingine yeyote. Ni mwenyewe tu, akirudi, naye atachimba peke yake dakika kumi na nne zile zile.

Eliamini akanisogelea. "Pamoja na ushanga wake?"

"Pamoja na ushanga wake."

"Na kwa nini hakuna anayefanya?"

"Kwa sababu dakika kumi na nne umeinama, mgongo wako uko kwa Fyekeo."

Akajikuna kidevu. "Kwetu Same mtu hachimbi kaburi peke yake. Mmoja yuko shimoni, kijiji kizima kiko juu."

"Hata kwetu."

"Basi tukatafute kijiji."

*

Yeyote aliyekulia kwetu anajua chama cha kuzikana. Hakina makao makuu wala hakina maringo. Kina daftari, kina sufuria kubwa mbili, kina turubai, na kina sheria moja: usipokwenda kwa wenzako, hakuna atakayekuja kwako. Tulianza Mlangoni, tunawaambia wageni mmoja mmoja wakiwa bado wanajipapasa magunia. Wengine walitukimbia. Wengine walidhani tunauza kitu. Tulipofika kumi na wanane tukatoka.

Wa kwanza kuzikwa alikuwa Chausiku, binti wa Pangani, ameuawa kisimani. Mimi nilishika jembe. Wengine walinizunguka, mabega yamegusana, nyuso nje, mikono mitupu. Wakongwe walikuja sita. Walipomuua mmoja wetu, wa nyuma aliziba nafasi na aliyekufa akavutwa ndani ya duara pamoja na ushanga wake. Wakaua wa pili. Tukamvuta. Wa tatu. Hawakupata ushanga hata mmoja, na ndani ya duara palikuwa na watu wanne wa kuzika badala ya mmoja. Fyekeo alisimama akatutazama kama mtu aliyekuta mbuzi wanasoma gazeti.

"Nyie mna wazimu," akasema. "Mnakufa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa!"

"Ndiyo maana ya msiba, mwanangu," Eliamini akamjibu kutoka kwenye duara.

Chausiku alirudi baada ya saa moja, akachimba kaburi lake mwenyewe huku analia, akautoa ushanga wake akaugandamiza kwenye paji la uso. Ukamrudia. Alikaa juu ya udongo, akasema jina la mdogo wake mara nne, mara tano.

Mwezi wa pili tulikuwa mia tatu. Tuliandika sheria ya chama, na sheria hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu, mtanisamehe nikijisifu: *Hatuchukui kitu cha maiti. Awe nani.* Hiyo "awe nani" ilitiwa na Chausiku. Alisema bila hiyo hakuna atakayefumba macho akiwa shimoni. Tukapiga kura. Wote waliinua mikono, na mimi niliinua wangu kwa nguvu kuliko wote, maana sikuwa nimefikiri.

*

Walipokosa wageni wa kupora, wakongwe walianza kutazamana shingo.

Siku moja tunatoka kisimani tukawakuta wawili wanagombana katikati ya njia, Fyekeo na mwenzake aliyeitwa Chatu, ambao walikuwa wanatembea pamoja tangu Tambarare ilipofunguliwa. Walirushiana maneno ya ushanga gani ni wa nani. Fyekeo akageuka kuchukua maji. Chatu akamtia shoka mgongoni.

Hatukushauriana, hatukuitana. Miguu yetu ilikimbia yenyewe kama tulivyozoea. Tulimfikia maiti kabla Chatu hajainama, duara likafungwa, Chatu akalizunguka akitukana hadi alipochoka akaondoka. Na mimi nikajikuta ndani, nimesimama juu ya Fyekeo, jembe mkononi. Shanga zake zilikuwa zimetandaa kifuani. Ule wa mafuta ya nazi ulikuwa wa tatu kutoka kwenye fundo. Ningeweza kuuchukua kwa vidole viwili.

Eliamini alinisogelea akanong'ona. "Uchukue, Mama Mboni. Ni mali ya mwanao. Huo si wizi."

"Sheria inasema awe nani."

"Sheria tumeiandika sisi. Hakuna atakayekulaumu."

"Mimi nitamlaumu," akasema Chausiku, sauti yake imepanda. Hakugeuka, uso wake ulikuwa nje kwenye duara. "Samahani, mama. Nilikuwa nimelala chini ya udongo sikuguswa, na mtu aliyechimba ni wewe. Ukitia mkono leo, kesho na mimi nitamwona mtu ana kitu cha mdogo wangu, nitatia mkono. Keshokutwa sisi ni akina Fyekeo wenye majembe."

"Wewe umepata chako!" mtu mwingine akamfokea.

"Ndiyo, nimepata. Kwa sababu hii."

Sitawadanganya. Mkono wangu ulishuka. Vidole vilikuwa juu ya ushanga, nikahisi joto lake. Nilimwona Mboni kibarazani anauliza mwenye nyumba yupo. Nikafikiri: chama gani, sheria gani, mimi nilikuja humu kwa kitu kimoja. Halafu nikafikiri tena, na hasira yangu ikahama mahali. Kampuni ilikuwa inasubiri hivi. Huo mchezo wao wote, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa sitini na nne, unategemea kwamba kila mtu, ukimbana vya kutosha, atainama aokote. Gervas na soksi zake za njano alinituma humu niwe Fyekeo mwingine. Nikaona sitampa.

Nikachimba. Dakika kumi na nne. Nikamlaza ubavu, nikamfunika uso kwa gunia, nikafukia pamoja na kila kitu, na mwanangu humo ndani.

*

Fyekeo alirudi kama tunavyorudi wote, amevaa gunia. Alikuwa mwembamba. Kile kifua cha kununua kilikuwa kimebaki kaburini, huyu ndiye mtu mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na kitu, miguu imepinda kidogo. Alitembea katikati ya watu mia tatu aliokuwa amewaua, wengine mara tisa, wengine mara kumi na tano. Hakuna aliyenyanyua mkono. Tulimpisha. Akapewa jembe.

Akaanza kuchimba. Alipochimba majembe matatu, Eliamini akajisafisha koo, akasimama kwenye kichwa cha kaburi kama anavyosimama msemaji wa familia.

"Ndugu waombolezaji. Kabla hatujatawanyika, kama ilivyo kawaida. Yeyote anayemdai marehemu, ajitokeze sasa aseme."

Fyekeo akainua kichwa. "Marehemu ni mimi!"

"Pole sana," akasema Eliamini. "Basi familia imewakilishwa vizuri. Endelea kuchimba."

Watu walicheka, na kicheko kilipokwisha, mtu mmoja akasogea mbele. Akasema: "Mimi namdai sauti ya bibi yangu akiniita kutoka jikoni. Sijui aliniitaje." Akarudi nyuma. Mwanamke mmoja akasema anadai siku aliyojifungua, kwamba ana mtoto nyumbani na hajui alitoka wapi. Eliamini mwenyewe alidai kushona. Mmoja alisema hajui anachodai, ila kuna shimo, na analiona kila akiona reli. Waliendelea hivyo. Fyekeo hakuweza kuziba masikio, mikono ilikuwa na jembe. Kaburi la Tambarare halisaidiwi wala haliharakishwi. Dakika kumi na nne zote alizisikia.

Hatukumgusa. Lakini watu mia tatu wakikusimamia ni kitu kizito, na sitajifanya sikujua hilo.

Alipozifikia shanga alizinyanyua na udongo wake. Nikasogea.

"Mimi nadai ushanga mmoja. Wa tatu kutoka kwenye fundo."

Akauficha kwenye kiganja upesi, kama mtoto. "Huu hapana. Ombeni mwingine wowote. Huu siutoi."

"Kwa nini hukuuuza?"

"Nitauzaje?" Sauti ilimkatika, akakasirika kwa kuwa imekatika. "Nimekufa mara mia mbili na kumi na moja, bi mkubwa. Unadhani nilizaliwa na fyekeo mkononi? Nilikuja na gunia. Wamechukua vyote. Sijui natoka wapi. Nina huu. Nikiushika kuna mtu ananisuka, ananivuta kichwa, ananiambia tulia. Basi. Huyo ndiye mama yangu, sina mwingine."

"Ushike sasa," nikamwambia. "Mtazame mikono huyo mama."

Aliugandamiza. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia mbele ya uso wake, kidole gumba juu. Wageni huingia Tambarare na miili yao wenyewe, mmeona, ni wakongwe tu wanaonunua mingine. Alikitazama kile kidole. Akatazama kanga ambayo sikuwa nimevaa. Akanitazama usoni, na nikaona kwamba katika mara saba zote hakuwahi kunitazama usoni.

"Tulia, we mtoto," nikasema, kwa sababu alikuwa anatetemeka, na sikuwa nimepanga kusema hivyo.

Akarudi nyuma akaketi kwenye udongo.

Sasa nisomeni taratibu hapa. Wapo watakaosema nilimwonea. Kwamba nikichukua ule ushanga namfanya mtu yatima kwa mara ya pili, mtu aliyeporwa kabla hajapora. Ni kweli. Nimeligeuza jambo hilo pande zote na bado ni kweli. Mwanangu alikuwa na haki, Fyekeo alikuwa na njaa, na ushanga ulikuwa mmoja. Aliyepanga kwamba uwe mmoja hakuwa pale kaburini. Alikuwa ofisini.

"Mama yako yupo," nikamwambia. "Ushanga wake uliuzwa, na aliyeununua ana jina na ana anwani, kwa sababu kila mauzo yanaandikwa, kifungu cha arobaini. Nitamtafuta pamoja na wewe. Mimi mtu nikimwandika simfuti. Lakini huyu ni wa Mboni. Nirudishie."

"Nikikupa," akasema, "sitakujua tena."

"Hutanijua."

"Wewe je? Utanijua?"

"Umeniua mara saba, kijana. Nitakusahau vipi?"

Akatoa sauti, sijui kama kilikuwa kicheko. Kisha akaukata uzi kwa meno, akauweka ushanga kwenye kiganja changu, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili akakishikilia. Alipoachia, alinitazama kama unavyomtazama mtu kwenye foleni.

"Naitwa Fyekeo," akasema. "Kuna mtu anadai kingine?"

Wengine walipata siku ile, wengi hawakupata, vyao vilikuwa vimeshauzwa. Hakuna aliyempiga.

*

Mboni hakutaka kuvaa kilemba tena. Alikaa kitandani akakishika kwa ncha za vidole. "Mama, una hakika?" Alikuwa bado ananiita kwa ile adabu yake ya ugenini.

"Dakika moja tu. Huingii ndani. Unakaa chumba cha kungojea, unauweka ushanga niliokuachia humo kwenye paji la uso, unatoka."

Nilikaa nikamtazama amefumba macho. Nje jirani alikuwa anapepeta mchele. Alipofumbua, hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, kisha akajishika nywele, kisha mdomo ukaanza kumcheza.

"Siku ile ulinivuta," akasema. "Nililia, na hukuacha. Ulisema shule hawapokei watoto wenye vichwa vya fagio."

"Nilisema hivyo?"

"We mama! Umesahau?"

Ile siku, upande wangu, iko kwa mtu aliyeinunua. "Nimesahau," nikasema. "Hebu nihadithie."

Alinihadithia mpaka mchicha ukaungua.

*

Tangazo lilikuja Jumatatu saa mbili asubuhi, herufi kubwa juu ya anga la Tambarare. Kampuni imebaini matumizi yasiyokusudiwa. Ili kuboresha burudani ya watazamaji, majembe yameondolewa.

Mboni alinikuta nafunga kilemba.

"Unakwenda wapi? Umeshapata ulichokifuata."

"Chausiku ameniita. Kuna wanne wamelala kisimani tangu alfajiri."

"Mama, watakuua. Safari hii watachukua nini? Wakinichukua mimi?"

Nilimwambia aandike kwenye daftari, kwa mwandiko wake, kila anachokijua juu yangu, na asikipambe.

Kule kisimani walikuwa wamekwisha kufunga duara. Wengine niliwajua, wengine walikuwa wageni wa asubuhi ile ile, magunia bado yana mikunjo. Wakongwe walikaa kwenye mawe wanasubiri tutawanyike. Nyuma ya ghala palikuwa patupu, hata vumbi la majembe lilikuwa limefutwa. Lakini kifungu cha mia na kumi na mbili hawakukifuta, nilikuwa nimekisoma tena kabla ya kufunga kilemba: kaburi likifika kina, maiti anafukiwa. Lichimbwe kwa nini, hawakuandika. Hawakuwaza kwamba mtu angejaribu.

Nikapiga magoti kando ya wa kwanza. Nikamnyoosha. Nikatia kucha kwenye udongo, kucha tisa na nusu. Ulikuwa mgumu kama sakafu. Eliamini akapiga magoti kando ya wa pili, akachimba, akatazama kiganja chake, akatazama alichokitoa.

"Kijiko kimoja," akasema. "Dada, hii itachukua siku nzima."

"Una shughuli nyingine?"

Akafikiri. "Suruali moja," akasema, na akaendelea kuchimba.